Dawa za sindano: Jinsi ya kuziagiza na kuzidunga bila kuhatarisha uhai wa mgonjwa

MGONJWA anayefika katika kliniki ya mtaa usiku, mwili ukiwaka homa, aghalabu hana subira ya maelezo marefu. Huomba jambo moja tu: adungwe sindano ili apone upesi na arudi kazini alfajiri. Naye mhudumu, akiitazama foleni iliyo mlangoni, hushawishika kumtimizia haja yake.

Ni katika haraka hiyo ambapo makosa huzaliwa. Dawa iliyomezwa huchukua muda kufyonzwa tumboni, na muda huo humpa tabibu nafasi ya kugundua alipokosea. Dawa iliyodungwa kwenye mshipa wa damu hufika moyoni kwa sekunde chache, na hakuna awezaye kuirudisha katika bomba.

Makala haya yanaeleza ni wakati gani sindano inafaa, jinsi inavyopaswa kuagizwa, kuandaliwa na kudungwa, na mambo ambayo mgonjwa au mzazi ana haki ya kuuliza kabla ya kukunja mkono wa shati.

Imani ilikotoka

Bomba la sindano kama lijulikanavyo leo lilianza kutumiwa mwaka wa 1853, wakati Alexander Wood wa Edinburgh, Scotland, na Charles Pravaz wa Lyon, Ufaransa, kila mmoja kivyake, walipotumia sindano yenye tundu kupenyeza dawa mwilini.

Katika Afrika Mashariki, sifa za sindano zilienea hasa katika miaka ya 1920, wakati wa kampeni za kutibu ugonjwa wa buba. Vidonda vilivyomtesa mtu kwa miaka vilikauka baada ya kudungwa mara chache dawa za aina ya bismathi au zenye aseniki. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia ikaja penisilini, ambayo ilifanya kazi kwa kasi zaidi. Si ajabu kwamba vizazi vilivyofuata vilirithi imani kuwa dawa isiyopitia sindano ni dawa nusu.

Imani hiyo ina gharama yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa katika mwaka wa 2000 pekee, sindano zisizo salama ziliwaambukiza watu milioni 21 virusi vya homa ya ini aina ya B, watu milioni mbili aina ya C, na watu 260,000 virusi vya Ukimwi. Wakati huo, karibu sindano nne katika kila kumi zilizodungwa katika mataifa yanayoendelea zilitolewa kwa vifaa vilivyokwisha kutumika.

Juhudi za kimataifa zilizoanza mwaka wa 1999 zimezaa matunda. Kufikia 2010, kiwango cha kurudia vifaa kilikuwa kimeshuka hadi takriban asilimia 5.5, na maambukizi ya Ukimwi yatokanayo na sindano yalikadiriwa kuwa kati ya 17,000 na 34,000 kwa mwaka. Kenya nayo ilitoa sera ya kitaifa kuhusu usalama wa sindano na utupaji wa taka za hospitali mwaka wa 2007.

Hata hivyo, hatari haijatoweka. Katika kijiji cha Roka nchini Cambodia, zaidi ya watu 200 waligunduliwa kuwa na virusi vya Ukimwi kuanzia mwishoni mwa 2014, na mtu aliyekuwa akiwatibu bila leseni alifungwa miaka 25 jela mwaka uliofuata. Mnamo 2019, mamia ya watoto waliambukizwa virusi hivyo katika eneo la Ratodero, Pakistan, ambako vifaa vya matibabu vilikuwa vikitumiwa zaidi ya mara moja.

Swali la kwanza: Je, sindano inahitajika?

Sindano iliyo salama kuliko zote ni ile ambayo haikudungwa kwa sababu haikuhitajika. Tabibu anapaswa kujiuliza swali hili kabla ya kushika kalamu.

Sindano ina nafasi yake. Inafaa iwapo mgonjwa amezirai, anatapika kila anachomeza, ana degedege, au maradhi yamekuwa makali kiasi kwamba kuchelewa kwa saa chache kunaweza kumwua. Vilevile, zipo dawa ambazo haziwezi kumezwa kwa kuwa tumbo huziharibu. Insulini ni mfano bora.

Nje ya hali hizo, kidonge au dawa ya maji hutosha. Metronidazoli, dawa inayotumika sana dhidi ya maambukizi ya tumbo, hufyonzwa karibu yote inapomezwa. Mgonjwa anayeweza kunywa chai hana haja ya kuipokea kupitia mshipa.

Malaria ni kipimo kizuri cha nidhamu hii. Tangu 2010, WHO imependekeza kwamba kila anayeshukiwa kuugua malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Anayepatikana na malaria ya kawaida hutibiwa kwa vidonge vya mseto. Sindano ya atesuneti ni ya mwenye malaria kali: aliyepoteza fahamu, anayepata degedege, mwenye upungufu mkubwa wa damu, anayepumua kwa shida au asiyeweza kumeza chochote.

Dawa hiyo ilichukua mahali pa kwinini baada ya utafiti uliochapishwa mwaka wa 2010, uliohusisha watoto 5,425 katika mataifa tisa ya Afrika, Kenya ikiwemo. Ilibainika kuwa vifo vilipungua kwa asilimia 22.5 miongoni mwa waliopewa atesuneti.

Cheti kisichoacha shaka

Makosa mengi ya sindano huanzia kwenye karatasi. Agizo kamili la dawa huonyesha jina la mgonjwa, umri, uzani, mzio alio nao, jina kamili la dawa, kipimo kwa miligramu au yuniti, njia ya kuidunga, kasi ya kuidunga iwapo ni ya mshipani, mara ngapi kwa siku, na siku ngapi. Kisha hutiwa sahihi, tarehe na saa.

Kuandika "ampuli moja" hakutoshi. Gentamisini, mathalan, hupatikana katika ampuli za mililita mbili zenye miligramu 80, na nyingine za ukubwa uo huo zenye miligramu 20. Mtoto aliyekusudiwa kupata ile hafifu akidungwa ile kali, atapokea mara nne ya kipimo chake. Dawa hiyo ikizidi huweza kudhuru figo na kuua uwezo wa kusikia, pengine daima.

Kwa watoto, uzani ndio msingi wa hesabu. Mtoto hapaswi kukadiriwa kwa macho ilhali mizani ipo. Chukua mtoto wa kilo 10 mwenye malaria kali. Watoto walio chini ya kilo 20 hupewa miligramu tatu za atesuneti kwa kila kilo, kwa hivyo huyu anahitaji miligramu 30. Dawa ikiandaliwa kwa njia ya mshipa, kila mililita huwa na miligramu 10, naye atapewa mililita tatu. Ikiandaliwa kwa ajili ya msuli, kila mililita huwa na miligramu 20, naye atapewa mililita moja na nusu. Ni dawa ile ile na mtoto yule yule, lakini kiasi ni tofauti. Anayechanganya njia hizi mbili hupunguza tiba nusu au huizidisha maradufu.

Nukta nayo inaweza kuua. Nusu miligramu huandikwa 0.5, si .5, maana nukta isiyoonekana hugeuza nusu kuwa tano. Tano huandikwa 5, si 5.0, isije ikasomwa hamsini. Vivyo hivyo, neno yuniti liandikwe kwa ukamilifu katika agizo la insulini, kwa kuwa kifupisho chake cha herufi moja kimewahi kudhaniwa kuwa sufuri na kuongeza kipimo mara kumi. Insulini hupimwa kwa bomba lake maalumu wala si kwa bomba lolote lililo karibu.

Agizo la mdomo litumike tu wakati wa dharura. Muuguzi alirudie kwa sauti kabla ya kulitekeleza, naye aliyelitoa aliandike mara tu hali inapotulia.

Dawa zinazotaka uangalifu wa pekee

Zipo dawa ambazo kosa dogo tu huleta msiba. Benzathini penisilini, inayotibu kaswende na kuwakinga wagonjwa dhidi ya kurudiwa na homa ya baridi yabisi inayoharibu moyo, hudungwa kwenye msuli pekee. Ikiingia kwenye mshipa wa damu, moyo unaweza kusimama. Jina lake linakaribiana na la benzili penisilini, ambayo huruhusiwa mshipani, kwa hiyo kusema "penisilini" peke yake ni kuacha mlango wa ajali wazi.

Seftriaksoni ni miongoni mwa dawa zinazodungwa sana. Haipaswi kuchanganywa na maji ya dripu yenye kalisiamu, kama vile Hartmann's, kwa kuwa hutengeneza chembe ngumu zinazoweza kuziba mishipa ya mapafu na figo. Hatari hii ni kubwa zaidi kwa mtoto mchanga. Aidha, seftriaksoni iliyoyeyushwa kwa lignokeini ili kupunguza maumivu ya msuli isidungwe kamwe kwenye mshipa wa damu.

Diklofenaki, inayopendwa kwa maumivu ya mgongo na viungo, haimfai mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, mja mzito aliye katika miezi mitatu ya mwisho, wala mwenye pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo. Mtu mzima hudungwa miligramu 75 ndani ya msuli, na sindano hazipaswi kuendelezwa zaidi ya siku mbili.

Kloridi ya potasiamu haidungwi kamwe bila kuzimuliwa, maana husimamisha moyo. Kwa vile ampuli yake huweza kufanana na ile ya maji ya kuyeyushia dawa, isiwekwe kwenye trei moja nayo.

Salfeti ya magnesiamu humwokoa mama mwenye kifafa cha mimba, lakini ikizidi humzuia kupumua. Kabla ya kila dozi inayofuata, muuguzi huhakikisha kwamba mama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaruka linapogongwa, na mkojo unatoka kwa kiwango cha mililita 30 au zaidi kwa saa. Kalisiamu glukoneti, ambayo hupambana na sumu yake, huwekwa karibu na kitanda.

Kuandaa kwa mikono safi

Mhudumu huanza kwa kunawa mikono. Kisha huchagua meza safi, mbali na sampuli za damu na mkojo. Husoma lebo mara tatu: anapoitoa dawa kabatini, anapoivuta kwenye bomba, na kabla ya kumdunga mgonjwa. Hutazama tarehe ya kuharibika, rangi ya dawa na iwapo kuna chembechembe ndani yake.

Bomba na sindano hutolewa kwenye pakiti mpya mbele ya mgonjwa. Kubadilisha sindano na kubakiza bomba lile lile kwa mgonjwa mwingine ni kosa, kwani damu huweza kurudi ndani ya bomba bila kuonekana kwa macho.

Kichupa cha dozi nyingi kisiachwe na sindano imechomekwa kwenye kizibo. Hiyo ni njia ya vijidudu kuingia, na kila mgonjwa anayefuata huvipokea. Kichupa kinapofunguliwa huandikwa tarehe, na kwa kawaida hakitumiki baada ya siku 28 au mapema zaidi iwapo mtengenezaji ameagiza hivyo.

Poda ya atesuneti huyeyushwa kwanza kwa mililita moja ya maji yake ya baikabonati, ikatikiswa hadi iwe angavu kabisa, ndipo ikazimuliwa kwa maji ya chumvi. Ikishaandaliwa itumike katika muda wa saa moja, na inayobaki imwagwe. Kuihifadhi kwa ajili ya dozi ya baada ya saa 12 ni kuweka akiba ya maji yasiyotibu.

Jambo jingine linalopuuzwa ni pamba. Pamba iliyolowekwa katika mkebe wa spiriti tangu asubuhi huchafuliwa na kila mkono unaotumbukia humo. Pamba kavu na safi itiwe spiriti ya asilimia 60 hadi 70 wakati wa kutumika, ngozi ifutwe kwa sekunde 30, halafu iachwe ikauke kwa sekunde nyingine 30.

Dawa mbili zisichanganywe katika bomba moja ila pale maelezo ya dawa yanaporuhusu waziwazi. Baadhi ya michanganyiko huganda, na mingine huua nguvu ya dawa pasipo kuonyesha dalili yoyote.

Mahali pa kudunga

Kabla ya kudunga, mhudumu humwuliza mgonjwa ataje jina lake mwenyewe. Swali "wewe ndiye fulani?" halitoshi, kwa kuwa mtu mwenye homa huitikia lolote. Kisha huuliza tena kuhusu mzio, mimba na dawa nyingine anazotumia.

Kwa mtoto mchanga na mtoto mdogo, mahali salama pa sindano ya msuli ni upande wa nje wa paja, katikati. Sindano ya makalio ina historia chungu katika kanda hii. Watoto wengi, hasa waliodungwa kwinini wakiwa na homa, waliishia kuburuta mguu kwa kuwa dawa iliifikia neva kuu inayoteremka kutoka kiunoni hadi mguuni. Baadhi yao hawakupata nafuu kamwe. Kwa mtu mzima, iwapo ni lazima kutumia makalio, ni robo ya juu, upande wa nje.

Dawa ya mshipa hudungwa polepole, kwa muda ulioandikwa katika maelezo yake. Mgonjwa akilalamika kwamba mkono unachoma au unavimba, mhudumu husimama mara moja. Anaweza kuwa ameukosa mshipa.

Nusu saa ya kungoja

Mgonjwa asiruhusiwe kuondoka papo hapo. Dakika 15 hadi 30 za kuketi chini ya macho ya mhudumu zinaweza kuwa tofauti baina ya uhai na kifo, kwani mshtuko wa mzio mara nyingi hutokea katika muda huo. Dalili zake ni vipele na mwasho, midomo na ulimi kuvimba, sauti kukwama, kifua kubana, kizunguzungu na kuzirai.

Tiba ya kwanza ni adrenalini, ikidungwa kwenye msuli wa nje ya paja. Mtu mzima hupewa nusu miligramu, mtoto wa miaka sita hadi 12 miligramu 0.3, na aliye chini ya miaka sita miligramu 0.15. Mgonjwa hulazwa na miguu kuinuliwa, isipokuwa ikiwa anapata shida ya kupumua, ambapo huachwa aketi. Hupewa oksijeni na maji ya mshipa, na adrenalini hurudiwa baada ya dakika tano iwapo hakuna nafuu. Haidrokotisoni na dawa za kupunguza mwasho hazichukui mahali pake.

Kliniki isiyo na adrenalini ambayo haijapitwa na wakati, na isiyo na mtu ajuaye kuitumia, haina ruhusa ya dhamiri kumdunga yeyote dawa yoyote. Baada ya tukio kama hilo, jina la dawa huandikwa kwa herufi kubwa katika daftari la matibabu la mgonjwa, na taarifa hupelekwa kwa Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo hupokea ripoti za madhara ya dawa kutoka kwa wahudumu na hata wananchi.

Mhudumu naye yu hatarini

Sindano iliyotumika haifunikwi tena kwa kifuniko chake. Hutumbukizwa papo hapo, pamoja na bomba lake, katika sanduku gumu lisilotoboka. Sanduku hilo hufungwa likijaa robo tatu na kupelekwa kuchomwa katika tanuri. Sindano zinazotupwa jalalani huwasubiri waokotaji taka na watoto wanaotafuta vitu vya kuchezea.

Mhudumu akijidunga kwa bahati mbaya, hatari ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi kutoka kwa mgonjwa aliye navyo ni takriban asilimia 0.3. Kwa homa ya ini aina ya C ni kama asilimia 1.8, ilhali kwa aina ya B inaweza kufikia asilimia 30 kwa asiyechanjwa. Anapaswa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kulikamua, aripoti, na aanze dawa za kuzuia Ukimwi haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita. Dawa hizo humezwa kwa siku 28.

Watoto nchini wamekuwa wakipewa chanjo ya homa ya ini aina ya B tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wahudumu waliozaliwa kabla ya hapo wanahitaji kuitafuta wenyewe au kudai waajiri wao waigharamie.

Haki ya kuuliza

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila Mkenya haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, njia za tiba zilizopo, na manufaa na hatari zake, kabla ya kutoa idhini.

Kwa hiyo si utovu wa adabu kuuliza: Dawa hii inaitwaje? Ni ya nini? Je, kuna kidonge kinachoweza kufanya kazi hiyo? Naomba kuona pakiti ikifunguliwa. Nisubiri hapa kwa muda gani? Mgonjwa pia anaweza kuomba dawa na kipimo viandikwe katika daftari lake, ili kituo kitakachompokea baadaye kisiirudie dawa ile ile gizani. Leseni ya kliniki na cheti cha usajili cha anayemtibu vinapaswa kuonekana ukutani.

Nao wenye kliniki wana wajibu. Malipo yanayotegemea idadi ya sindano humsukuma mhudumu kudunga asichopaswa kudunga. Muuguzi mmoja anayewahudumia watu 60 peke yake usiku kucha hawezi kusoma kila lebo mara tatu.

Wahenga walinena kuwa mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mgonjwa, lakini, hajidungi. Hunyoosha mkono kwa mtu aliyemwamini, mara nyingi bila kujua kilichomo ndani ya bomba. Dakika mbili za kusoma lebo, kupiga hesabu upya na kumwuliza jina lake ndizo malipo ya imani hiyo, hata foleni ikiwa imefika barabarani.